Zoezi la Tisa Litoke

Gereji,
2 Juni

Dada,

Shikamoo siitoi leo. Ukiitaka, itafute humo kwenye kitabu chako.

Simu zangu hupokei mwaka wa sita huu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Doa lolote utakaloliona hapa si machozi, ni oili ya giaboksi, usije ukajipa moyo.

Juzi mwalimu mmoja alituletea basi la shule yao, breki zinalia. Nilipochomoa kiti cha dereva nipate kufikia waya, kikaanguka kijitabu chenye jalada la njano: Mazoezi Ishirini ya Kuunganisha Sentensi za Kiingereza. Chini yake, jina lako. Haki ya Mungu nilifurahi! Niliwaita mafundi wote. Nikawaambia, oneni, huyu dada yangu, tumbo moja, ziwa moja. Nikakaa juu ya tairi nikaanza kusoma kwa Kiingereza changu hiki cha gereji. Zoezi la kwanza kuku wa jirani, la tatu mwenye nyumba mkorofi, nikacheka mpaka nikapaliwa. Nikafika la tisa.

"Mdogo wangu wa kiume hutengeneza mabasi. Alipata ujumbe kwamba mama yuko mahututi. Hakuja." "Mama alimwita kwa jina siku mbili. Yeye alikuwa anafunga nati." "Tulimzika mama Alhamisi. Mdogo wangu alifika wiki iliyofuata. Alikuwa amevaa suruali mpya." Halafu unawaambia watoto wa watu: unganisheni sentensi hizi kwa viunganishi na viwakilishi vinavyofaa!

Hivi wewe una akili timamu? Watoto wangapi wameshaniunganisha mpaka leo? Kuna mtoto huko ameandika sikuja bikozi sina moyo, na wewe ukampigia vema kubwa. Tena mafundi wenzangu walikuwa wananisomea begani. Mmoja wao ni yule mchomeleaji, na mdomo wake hauna breki. Kufikia saa saba gereji nzima ilikuwa inaniangalia kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu.

Na ile suruali haikuwa mpya, ilikuwa imefuliwa.

Sasa sikiliza. Mwalimu yule ananiambia kitabu kinachapwa upya mwisho wa mwezi huu, na muhula ujao kitagawiwa shule nyingi, ikiwemo ile ya bweni anakosoma binti yangu. Zoezi la tisa litoke. Sikuombi radhi wala sitaki uniombe. Litoke tu, kabla mtoto hajalisoma.

Ni mimi, ambaye ni mdogo wako pale unapohitaji mfano wa mtu mbaya,
Spana

*

Nyumba za walimu,
8 Juni

Spana,

Barua yako nimeipata. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, ni mazoea. Makosa kumi na manne, na nukta umesahau tisa. Wanafunzi wananiita Madam Nukta, najua, wala siwakatazi.

Unauliza kama nina akili timamu. Ngoja nikueleze akili yangu. Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha somo lilelile. Mtoto wetu akisema "alifika akakaa akala akaondoka", amemaliza. Nani alifanya, kipi kilitangulia, kipi kikafuata, vyote vimo ndani ya kitenzi. Akienda kwenye Kiingereza anakuja na vitenzi vyake vinne, vitupu, hakuna and, hakuna then, hakuna he. Au anamwita mama yake he tangu mwanzo wa insha mpaka mwisho, kwa sababu kwetu "a" ni ya kila mtu. Na vitabu vya zamani vinampa nini cha kujifunzia? Kitabu kiko juu ya meza. Kitabu ni chekundu. Unganisha. Nani amewahi kukosa usingizi kwa ajili ya kitabu kilicho juu ya meza?

Ndipo nilipogundua kwamba nikiwapa jambo la kweli, la mtu aliyekosewa na mtu wake, wanaamka. Wanasimama juu ya madawati wakibishana iwe because au iwe although. Hata wale wa mstari wa nyuma wanataka kujua huyu ndugu alipata ujumbe akafanya nini. Kwa hiyo kila zoezi nimelitoa nyumbani kwetu: kuku, mwenye nyumba, mume wangu na mpira wake. Wewe umepata moja tu kati ya ishirini, shukuru.

Unaona aibu? Aibu hiyo ilikuwa wapi Jumatatu ile? Simu yako ya mkononi ilikuwa imekufa, ilitumbukia kwenye oili. Nikapiga ya nyumbani. Mkeo alikuwa kwao, amekwenda kujifungua. Akapokea binti yako, ana miaka minane. Nikamwambia: mwambie Baba, Bibi yuko mahututi, aje leo hii. Nikamfanya arudie. Akarudia neno kwa neno, kwa adabu zote: "Sawa Shangazi, nitamwambia." Mtoto wa miaka minane alifanya kazi yake. Mtu mzima akashindwa.

Jumatatu nzima Mama anakuita. Jumanne anakuita. Kila mlango ukilia anafumbua macho, akiona ni mimi anayafumba. Unajua kufumbiwa macho na mama yako, wewe? Miaka mitatu nilimwosha, nikamlisha, nikambeba mgongoni kwenda msalani, halafu siku ya mwisho mimi ni mlango tu, unaolia bila kumleta mtu anayetakiwa.

Zoezi halitoki. Kama unaogopa binti yako akujue, ungeogopa mapema.

Dada yako

*

Gereji,
13 Juni

Dada,

Haya. Shikamoo. Nimeitoa, ipokee.

Nilipata ujumbe. Mtoto alinipa siku ileile, vizuri, neno kwa neno. Sikuja. Kulikuwa na basi linatakiwa liondoke alfajiri, nikajiambia nitakwenda kesho, na kesho nikasema kesho. Hayo unayoyataka ndiyo hayo, yamekaa kwenye karatasi na sahihi yangu hapo chini. Yaonyeshe ukoo mzima.

Ila zoezi litoke. Kama lazima niwemo, niandike mlevi. Andika mdogo wangu alikunywa na akaanguka mtaroni, watoto waunganishe, hakuna neno. Niandike mwizi wa matairi, nitajibu mwenyewe kwa wenye matairi. Lakini habari za ujumbe, za nani alipata na nani hakuja, hizo zitoe. Si kwa ajili yangu. Usiniulize ni kwa ajili ya nini.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uliponifungia mlango nikiwa na hiyo suruali. Nakuomba sasa, na hasira zangu zote nakuomba.

Spana

*

Nyumba za walimu,
19 Juni

Spana,

Basi lilitakiwa liondoke alfajiri!

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Miaka sita nilikuwa nakutafutia sababu. Usiku nilikuwa nasema labda aliumia, labda alifungwa, labda alikuwa njiani gari likaharibika akaona haya kusema, yeye fundi. Kumbe sababu ni basi. Na unaiandika kavu hivyo, kama mtu anayeandika orodha ya vipuri.

Halafu unaniletea "usiniulize". Mimi nisikuulize! Nimebeba maiti ya mama yako peke yangu katikati ya wajomba, kila mmoja ananiuliza yuko wapi wa kiume, na mimi najibu anakuja, anakuja, mpaka udongo ukafunika. Watu walinitazama mimi, si wewe. Anayekosekana hatazamwi.

Unajua ninachokiona hapa? Naona baba anayetaka mwanawe amwone malaika. Umemjengea mtoto baba wa kuchora. Mimi siwezi kulishiriki hilo. Kwa hiyo leo asubuhi, kabla sijaanza hata kuandika barua hii, nilikwenda posta nikamtumia nakala yake kwa anwani ya shule. Ndani nimeandika jina lake na maneno haya: "Ili umjue baba yako. Anza na Zoezi la Tisa." Ana miaka kumi na minne, ni mkubwa. Nilikuwa na umri huohuo nilipoanza kukupikia uji.

Sasa mwache aunganishe mwenyewe.

Dada yako

*

Gereji,
23 Juni

Wewe mwanamke!

Mungu anisamehe, nimeitupa spana ukutani imetoboa kalenda. Umefanya nini? Nilikwambia litoke! Nilipiga magoti kwenye karatasi, mimi, mtu mzima, nikajitukana kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe ukaenda posta!

Sikupata ujumbe. Umesikia? Si-ku-pa-ta. Hakuna basi lililotakiwa kuondoka alfajiri. Jumatatu ile nilirudi nyumbani saa kumi na mbili, nikampikia mtoto, tukala, akalala. Jumanne hivyohivyo. Jumatano nilikwenda shuleni kwao, ilikuwa siku ya wazazi, nikakaa kwenye kiti kidogo magoti yanagusa kidevu, napiga makofi. Mama yangu anakata roho mimi napiga makofi, Dada, na sijui lolote.

Ijumaa dereva wa basi la kutoka kwetu akaniambia "pole na msiba". Nikamuuliza msiba gani. Akadhani namtania.

Nilifika nyumbani nalia kama mtoto. Nikamkuta binti mlangoni, amevaa kiatu kimoja. Akaniangalia. Akasema: "Baba, Shangazi alipiga simu. Kuna kitu alisema nikwambie. Nimesahau." Alikuwa anatetemeka mpaka ule mguu mtupu unagonga sakafu. Sasa ningefanya nini? Ningemwambia nini mtoto wa miaka minane? Kwamba kwa kusahau kwake bibi yake amekufa akiita? Nikamwambia: "Haikuwa kitu, mwanangu. Nenda kavae kiatu cha pili." Nikafunika kombe. Na nimelikalia kombe hilo miaka sita. Mama yake mwenyewe hajui.

Ulipofungua mlango wako wiki ile ukaniuliza mbele ya wajomba wote, "Ujumbe hukupata?", nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa kooni. Nikalimeza, maana ukoo wetu ukishapata jina haulitemi. Angekua akiitwa mtoto aliyesahau. Nikaona heri mimi niitwe asiyekuja.

Na wewe je? Jumatano Mama alipofariki, simu ilikuwa wapi? Ungepiga mara ya pili, mara moja tu, ningemzika mama yangu. Hukupiga. Ulikaa na kiburi chako ukanizikia mama bila mimi, kisha ukanifanya somo.

Nimepiga simu shuleni. Wanasema mtoto hatolewi darasani kwa ajili ya kifurushi, nisubiri Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kutembelewa. Nimewaambia ni jambo la maisha. Wakaniambia kila mzazi husema hivyo.

Sitaki jibu.

Mdogo wako

*

Nyumba za walimu,
27 Juni

Mdogo wangu,

Najibu hivyohivyo. Wewe hujawahi kunizuia kusema.

Nilitoka darasani katikati ya kipindi, chaki mkononi. Nilikwenda posta kwanza. Karani wa dirisha la pili alitazama daftari lake akasema kifurushi kimeshapokewa huko, Jumanne. Nikamwambia kirudishwe. Akasema, "Mwalimu, kilichofika kimefika." Nikamfokea maskini wa Mungu, hana kosa lolote.

Kisha nikaenda kwa mchapaji. Kurasa za zoezi la tisa zilikuwa zimeshatoka, marundo mawili, zinanuka wino. Nikazichana kwa mikono yangu. Alidhani nimerukwa na akili akamwita mkewe aje anishike.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika kuliko siku zote za miaka hiyo sita. Nani alikupa ruhusa? Nani alikwambia ubebe peke yako? Ungenivuta pembeni pale mlangoni, ungeninong'oneza, ningemficha mtoto huyo chini ya kanga yangu na hakuna mjomba ambaye angemgusa. Badala yake umeniacha nikuchukie. Unajua inavyochosha kumchukia mtu uliyempikia uji? Nimewafundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, kukusuta kwa sarufi safi. Nimejisifia zoezi hilo kwenye mikutano ya walimu!

Na Jumatano nilikuwa na simu mkononi. Namba yako naijua kama jina langu. Nikasema, hakuja kwa aliye hai, nimwitie nini aliyekufa? Nikaiweka simu chini. Hilo ni langu, silitafutii because.

Nisamehe. Nimetaka kuongeza "lakini" hapo mara tatu, na mara tatu nimeifuta.

Nenda Jumamosi. Nenda mapema, uwe wa kwanza getini. Mwambie Shangazi yake ni mwongo, mwambie nilichanganyikiwa, mwambie lolote.

Dada

*

Bwenini,
2 Julai

Kwa Shangazi,

Shikamoo Shangazi. Mimi sijambo, sasa.

Kitabu nilikipata Jumanne, asante. Nimelifanya Zoezi la Tisa kama ulivyoniagiza. La suruali lilikuwa rahisi, nimetumia when na who. Ila ile sentensi ya ujumbe imenishinda, na nadhani hata wewe itakushinda. Aliyepata ujumbe ni mtu mmoja. Asiyekuja ni mtu mwingine. Ukiweka and, ukiweka but, ukiweka he, unatoka uongo mtupu. Kwa hiyo nimeacha nafasi.

Baba alikuja jana. Alikuwa wa kwanza getini, na nguo za gereji, hata uso hakunawa. Kabla ya salamu akasema, "Kile kitabu kiko wapi, nipe, Shangazi yako anaumwa kichwa siku hizi, ameandika mambo ya ajabu." Anacheka na huku jasho linamtoka. Nikajua anataka kunidanganya tena. Shangazi, nilikasirika! Sijawahi kukasirika vile. Nikamwambia, "Baba, mimi sikusahau."

Na wewe nakwambia sasa. Sikusahau. Ulinifanya nirudie na nikashika yote. Lakini Jumatano ile nilikuwa nimechaguliwa kusoma sentensi tano za Kiingereza mbele ya wazazi, peke yangu darasa zima, na Mama hayupo. Nilijua nikimwambia Baba atapanda basi usiku huohuo. Nikasema nitamwambia Jumatano jioni. Baba akaja, akakaa kwenye kiti kidogo, akapiga makofi kuliko baba wote. Jioni nikaogopa. Alhamisi nikaogopa zaidi. Ijumaa akarudi analia, nikasema nimesahau.

Akaniambia haikuwa kitu. Nikajua anajua. Miaka sita yote nimejua kwamba anajua. Shangazi, hajanigombeza tangu siku ile, hata mara moja. Nilivunja redio yake, akasema bahati mbaya. Nilifeli hesabu, akaninunulia viatu. Wadogo zangu wanachapwa kwa kumwaga maziwa, mimi naambiwa pole. Unajua inavyokuwa, kuishi na mtu anayekuonea huruma na huwezi kumuuliza kwa nini? Wakati mwingine nilifanya makosa makusudi, nione kama atafika mwisho wa uvumilivu. Hafiki. Nilidhani hanigombezi kwa sababu mimi si mtoto wake tena sawasawa, ni mgeni tu aliyekosa.

Nilimwambia yote hayo pale getini. Nilipiga kelele. Nilimwambia, "Nilimfanya Bibi afe anakuita na wewe ukaninunulia viatu!"

Akavua kofia akaivaa tena. Kisha, Shangazi, akanigombeza.

Alinigombeza mbele ya mlinzi na wazazi waliokuwa wanashuka kwenye magari. Aliniita mchoyo. Aliniita mwongo. Alisema, "Yule alikuwa mama yangu! Mama yangu, unasikia? Nilikuwa na mmoja tu!" Alipiga geti kwa kiganja mpaka mlinzi akasimama. Alisema nilimwibia siku mbili ambazo hakuna duka linaloziuza. Alisema hajui kama atanisamehe mwaka huu au mwaka kesho. Alinigombeza mpaka sauti ikamkauka, na mimi nimesimama wima, nalia, sikutaka aache.

Alipomaliza aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Tukakaa kwenye benchi la mlinzi, akanimenyea yai kwa kidole chenye grisi, akanipa lote.

Usiku nililala mpaka kengele, na mimi huwa naamka mara tatu.

Shangazi, naomba uje Jumamosi ijayo. Usije na zawadi, na usiniambie nilikuwa mdogo. Bibi alikuwa mama yako pia. Njoo unigombeze.

Mwanao